Kurasa Kumi na Sita za Bi Sindano

Jumapili ya mwisho ya mwaka, saa nne asubuhi, Bi Sindano alikaa kitandani kwake na daftari mapajani, akacheka peke yake. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo huyu. Ukimwona anacheka peke yake, jua kuna mtu yatamfika, na safari hii mtu mwenyewe alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake, ambaye saa hiyo hiyo alikuwa sebuleni anapanga viti huku akipiga miluzi, hana habari.

Daftari lilikuwa la kuandikia vitabu alivyosoma na filamu alizotazama mwaka mzima. Kila kitabu mstari wake, kila filamu mstari wake, na pembeni neno moja au mawili ya kujikumbusha. Desturi hiyo aliianzisha mama yao, mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne, ambaye hata wanawe walimwita Mwalimu. Jumapili ya mwisho ya mwaka wote hukaa sebuleni, kila mtu akataja kitabu chake cha mwaka na filamu yake ya mwaka, na akaeleza kwa nini. Kusema "nilikipenda tu" ilikuwa marufuku. Ukisema hivyo Mwalimu anakuambia ukae chini, zamu yako itarudi ukishafikiri, na wewe na mvi zako unakaa chini kweli.

Mwaka huu Mwalimu hakuwepo. Alikuwa kaburini, na aliyempeleka huko, kwa jinsi Bi Sindano alivyoona yeye, alikuwa sebuleni anapiga miluzi.

Jina la Sindano alilipata kazini. Maktaba ya mji ina chumba cha nyuma, kidogo, dirisha moja, meza moja ndefu, na humo ndimo alimokaa miaka ishirini na minane akitengeneza vitabu vilivyochanika. Watu wengi hudhani kitabu ni karatasi zilizobandikwa gundi. Kitabu kizuri kinashonwa. Karatasi zinakunjwa mafungu mafungu, kila fungu kurasa kumi na sita, kila fungu linapitishwa sindano na uzi wa kitani, kisha mafungu yote yanaunganishwa mgongoni na kuvalishwa jalada. Ukijua hivyo unaweza kukifumua kitabu chochote na kukirudisha, na mwenye kitabu asijue kuna mkono uliopita. Bi Sindano alikuwa anajua. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuchana hata ukurasa mmoja. Aliona watu wanakunja pembe za kurasa, akawasema mbele ya watu wazima wenzao mpaka wakaona haya.

Sasa huyu shemeji. Kazi yake ni mlangoni pa sinema. Anakata tiketi, anakuongoza gizani mpaka kwenye kiti chako kwa tochi, na kwa tochi hiyo mji mzima unamwita Tochi. Mwanamume mwenyewe si mbaya, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Hapigi mke, hanywi, anacheka na kila mtu. Ila ana ugonjwa mmoja, hawezi kuvumilia kutojua mwisho. Kitabu akikishika, anafungua ukurasa wa mwisho kwanza, anausoma akiwa bado amesimama, anasema "ahaa", kisha anakirudisha kwenye rafu na kuhesabu kwamba amekisoma. Filamu anaziona kuanzia nusu, maana nusu ya kwanza yuko nje anakata tiketi. Na akishajua mwisho, mdomo wake hauna breki. Atakuambia kwenye foleni, atakuambia mezani, atakuambia ukiwa unafunga kamba za viatu. Watu walicheka tu, "Tochi bwana." Bi Sindano akikasirika, Tochi anasema, "Shemeji, nawe hasira zako ziko karibu, si utani tu huu?" Mdogo wake naye anaongeza, "Dada, mzoee."

Akafungua ukurasa wa mwezi wa kwanza. Kitabu: "Mke wa Msajili." Pembeni ameandika: Tochi, siku ya pili. Maana yake Tochi alimwambia mwisho siku ya pili ya kusoma.

Mwezi wa pili. Filamu: "Daraja la Chuma Kibovu." Hiyo alikwenda na Mwalimu. Macho ya Mwalimu yalikuwa yamekwisha miaka sita nyuma, hakuona ila mwanga wa dirisha, lakini sinema alipenda kuliko wanaoona. Anakaa kiti cha mwisho, Bi Sindano anamnong'oneza kinachopita: amevaa koti, ameingia, amemwona, amekaa kimya. Mwalimu anatikisa kichwa na kusema, "Huyo anadanganya, sikia anavyomeza mate." Siku ile walikuwa wamefika palepale pa kukata pumzi, daraja linalia, yule dereva yuko katikati, mara mwanga wa tochi ukawapiga magotini na sauti ikasema, "Huyu anafika, Mama, usiwe na wasiwasi. Anayekufa ni kaka yake." Pembeni ya mstari huo kalamu ilikuwa imetoboa karatasi.

Tangu hapo Bi Sindano akawa anaingia sinema na pamba masikioni. Anatoa tiketi, haitikii salamu, anazitoa pamba akishakaa.

Mwezi wa tatu mpaka wa tano palikuwa na kitabu kimoja tu, "Ghorofa ya Mjane." Hapo aliacha kucheka.

Kilikuwa kitabu cha Mwalimu mwenyewe, kinene, kurasa mia sita na kitu, aliletewa na mwanafunzi wake wa zamani. Kila siku saa kumi na moja jioni Bi Sindano alirudi kazini, akanawa gundi mikononi, akakaa kwenye kigoda karibu na kiti cha Mwalimu, akamsomea kurasa kumi. Hadithi ni ya mjane mwenye nyumba ya ghorofa. Mumewe amesukumwa kwenye ngazi akafa, na wapangaji ni watatu, wa chini mshona viatu mzee, wa katikati daktari wa meno, wa juu mpiga picha. Mmoja wao ndiye.

Ukurasa wa mia na kumi na mbili Mwalimu aliinua kidole.

"Rudia hapo alipoongea mshona viatu."

Bi Sindano akarudia. Mshona viatu alimwambia mjane kwamba siku ile viatu vya marehemu havikutoa sauti kwenye ngazi.

"Si alisema siku ile alikuwa sokoni?" Mwalimu akasema. "Amejuaje havikutoa sauti? Ni yeye. Andika pembeni. Ni mshona viatu, nimemshika."

Akawa na raha karibu miezi miwili. Kila jirani aliyepita kumjulia hali aliambiwa kisa cha viatu. Mwalimu alikuwa mgonjwa wa moyo, miguu imevimba, ngazi tatu za barazani zilimshinda, lakini kichwa kilikuwa chake na alijivunia. Alisema macho yamemwacha, miguu imemwacha, akili bado iko nyumbani. Na alisema jambo moja ambalo Bi Sindano hakulisahau: "Mimi siondoki kabla sijamwona mshona viatu anakamatwa."

Zikabaki kurasa arobaini. Jumatano moja Bi Sindano alichelewa, maktaba ilikuwa imeletewa shehena ya vitabu vilivyolowa. Alipofika nyumbani alimkuta Tochi kwenye kigoda chake, kitabu mkononi, kimefunguliwa mwisho. Mwalimu ameinamisha kichwa.

"Nimemwondolea wasiwasi," Tochi akasema. "Nimeona anakungoja anahangaika, nikasema aa, mama wa watu. Ni daktari wa meno, shemeji. Anatiwa pingu na anakiri mwenyewe, 'Nilifanya mimi.' Imeandikwa."

Bi Sindano akamtazama mama yake. Mwalimu akasema polepole, "Basi. Funga kitabu, mwanangu. Kumbe akili nayo imekwisha, nami sina habari."

"Mama, kurasa arobaini bado."

"Za nini? Nilikuwa na hakika. Miezi miwili nawaeleza watu upuuzi."

Hakutaka tena kusomewa. Hakutaka redio. Alikuwa akiwasahihisha wanawe wakikosea kusema, akaacha. Mdogo wake Bi Sindano alikosea makusudi siku mbili, Mwalimu akanyamaza. Wakimuuliza anataka chai au uji anasema, "Amueni nyinyi wenye akili." Siku ya tisa akafa, mchana, kwenye kiti. Daktari alisema moyo. Bi Sindano hakubishana naye, ila alijua moyo ule ulivunjwa na nani.

Msibani Tochi alilia kuliko wote. Alihangaika na viti, na maji, na wageni, watu wakamsifu mkwe mwema. Bi Sindano alimtazama kutoka mlangoni, roho ikamkwaruza, akala kiapo palepale. Viapo viwili, kusema kweli. Cha kwanza, kurasa zile arobaini hatazisoma peke yake. Aliziacha kama Mwalimu alivyoziacha. Cha pili, Tochi atalipa, na atalipa kwa kitu kile kile.

Mwezi wa sita alimpa nafasi. Walikuwa jikoni wawili, akamwambia, "Shemeji, ile Jumatano hukufanya vizuri." Alitaka neno moja tu, nilikosea, na huenda kisa chote kingeishia kwenye beseni la vyombo. Tochi akacheka kwa huruma. "Shemeji, unatafuta pa kuweka huzuni. Kitabu kinaua mtu?" Kisha akamwambia ile filamu mpya ya wiki ijayo yule bibi harusi anakimbia.

Basi akampania.

Ilichukua muda kujua pa kumshika. Kumwambia Tochi mwisho wa kitu ni kumpa zawadi, atakushukuru. Adhabu ya mtu wa namna hiyo ni kumnyima. Lakini utamnyimaje, na kila kitabu kiko dukani, kila filamu iko kwake? Mwezi wa nane jibu lilikuja lenyewe kwenye sanduku.

Mzee mmoja alikufa, watoto wake wakaleta vitabu vyake maktaba. Ndani yake kulikuwa na kitabu chembamba chenye mgongo uliovunjika: "Jasusi wa Posta," sehemu ya sita. Bi Sindano alipoona jalada alikaa kwanza. Nyumba nzima ilikijua kitabu hiki bila kukiona. Tochi alisoma sehemu tano akiwa kijana, kabla ugonjwa haujamkolea, na hivyo ndivyo vitabu pekee alivyowahi kuvisoma kutoka mwanzo. Karani wa posta ni jasusi, na kila sehemu anapata barua isiyo na sahihi inayomwokoa. Nani anamwandikia? Jibu liko sehemu ya sita, na mwenye kiwanda cha kuchapa alifunga biashara baada ya kutoa nakala chache. Miaka ishirini Tochi alikuwa anakitafuta. Aliwahi kusafiri siku nzima kwa basi kwa sababu mtu alimwambia amekiona.

Bi Sindano alifunga mlango wa chumba chake cha kazi. Akakitengeneza kile kitabu kama hajawahi kutengeneza kitabu kingine. Akafumua uzi wa zamani, akasafisha kila fungu, akashona upya, akapaka gundi, akakibana. Ila alipofika fungu la mwisho, mkono ulisimama. Miaka ishirini na minane, hata ukurasa mmoja. Alikaa akilitazama, mara mbili akashika sindano alishone kama inavyopasa. Akakumbuka "amueni nyinyi wenye akili." Akaliweka fungu pembeni, akafunga kitabu bila hilo.

Kabla ya kulificha alilisoma, lote, mara mbili, kwa raha zake.

Akalipeleka nyumbani ndani ya mkoba. Akachukua "Ghorofa ya Mjane," akalishona fungu lile nyuma kabisa, baada ya ukurasa wa mwisho, chini ya jalada, huku amefunika zile kurasa arobaini kwa kadibodi ili jicho lisiteleze likavunja kiapo cha kwanza. Kitabu akakirudisha kwenye rafu ya sebuleni, usawa wa macho ya Tochi. Alijua hatakigusa. Tochi hafungui kitabu ambacho mwisho wake anaujua.

Kisha akamwazimia kutoka maktaba, akamletea "Jasusi wa Posta" kwa mikono yake miwili.

"Shemeji," Tochi akasema, na sauti ikamkatika. Alikishika kifuani kwanza. Alimshukuru, akamwita mke wake aje aone dada yake alivyo na moyo. Halafu, kama kawaida, akafungua ukurasa wa mwisho, akiwa amesimama.

Ukurasa ulisema: *Akaifungua bahasha, akasoma jina, akacheka. Kumbe miaka yote hiyo, aliyekuwa akimwandikia ni*

Basi, hapo ndipo ulipoishia. Hata Bi Sindano hakupanga neno hilo la mwisho, ndivyo fungu lilivyoangukia, lakini aliposhuhudia uso wa Tochi alihisi kama amepewa bonasi.

"Zingine ziko wapi?"

"Kimekuja na mgongo umevunjika," akajibu, na huo haukuwa uongo.

Mwezi wa tisa Tochi alikonda. Mwezi wa kumi aliwaandikia watoto wa yule mzee marehemu barua mbili. Alianza kusoma kitabu kutoka mwanzo, labda kuna dalili, akakimaliza, akakianza tena. Kazini aliwasha tochi usoni mwa watu, akawakalisha viti vya watu wengine. Na hapa ndipo mji mzima ulipaswa kumshukuru Bi Sindano: alisahau kuwaambia watu mwisho wa filamu. Mwezi wa kumi na moja Bi Sindano alitazama filamu tatu bila pamba, zote mpaka mwisho, akatoka ameridhika. Pembeni ya mistari hiyo ameandika: safi.

"Dada, huyu mtu haniongeleshi," mdogo wake alimlalamikia. "Jana kaniuliza mezani, 'Hivi mke wake yule karani anaweza kuwa yeye?' Mke wa nani? Nikadhani ana mwanamke."

"Mzoee," Bi Sindano akasema.

Basi, turudi kwenye Jumapili ile. Saa nane mchana walikaa sebuleni watu wanne: Bi Sindano, mdogo wake, Tochi, na jirani yao, nesi mstaafu aliyekuwa akimpima Mwalimu presha na kuhudhuria kikao kila mwaka. Kiti cha Mwalimu kilikuwa mahali pake na hakuna aliyekikalia.

Nesi alianza, akataja kitabu cha wakunga wawili wanaogombania mtoto, akaeleza vizuri. Mdogo mtu akataja filamu ya bibi harusi anayekimbia, akasema, "Niliipenda tu," wote wakatazama kile kiti, akaona haya, akaeleza. Zamu ya Tochi ikafika.

"Kitabu changu cha mwaka hakina mwisho," akasema. Alikuwa amekishika. "Sijui niwaambie nini. Nalala nacho, naamka nacho. Nipo kazini naona yale maneno, 'aliyekuwa akimwandikia ni.' Mtu amefikishwa mlangoni kabisa halafu kafungiwa. Mama angekuwepo angenielewa."

Bi Sindano alisimama, akaenda kwenye rafu, akatoa "Ghorofa ya Mjane," akavuta kigoda chake mpaka karibu na kiti kitupu.

"Changu bado sijakimaliza," akasema. "Zimebaki kurasa arobaini. Nitazisoma sasa, na hakuna mtu wa kuondoka."

"Shemeji, arobaini? Na tunajua ni daktari."

"Kaa chini," Bi Sindano akasema, kwa sauti ya Mwalimu, na Tochi akakaa.

Alikuwa amepanga hivi. Atasoma mpaka mwisho, deni la mama liishe. Halafu atafungua zile karatasi zilizoshonwa nyuma, amwonyeshe Tochi kwamba miezi minne zilikuwa sebuleni, usawa wa macho yake. Halafu atamngoja aombe msamaha. Akiomba, atampa. Alikuwa na nia hiyo kweli, na tumwandikie haki yake.

Akasoma. Ukurasa wa kumi, wa kumi na tano. Nesi alivua miwani. Kwenye ukurasa wa ishirini na mbili wa zile arobaini, mshona viatu anaugua, anamwita daktari wa meno chumbani kwake, na hapo ndipo mjane, na msomaji, wanapojua kwamba daktari aliokotwa mtoto na huyu mzee, akalelewa chini ya meza ya viatu. Mzee anamshika mkono, anamwambia: *Nilimsukuma mimi. Alivaa viatu nilivyomshonea mwenyewe, soli laini, havikutoa sauti.*

Bi Sindano akarudia mstari ule, polepole, kama alivyokuwa akirudia Mwalimu akiinua kidole.

"Ni mshona viatu," nesi akasema.

Akaendelea. Daktari anaamua kubeba kosa la mzee aliyemlea, ili afe kitandani mwake kwa amani. Ukurasa wa mwisho unakuja na pingu, na daktari anasema mbele ya mlango, "Nilifanya mimi." Ukiusoma ukurasa huo peke yake, ukiwa umesimama, utaapa kwamba ni yeye.

Mdogo wake Bi Sindano alianza kulia bila sauti. Kumbe Mwalimu hakukosea. Alimshika yule mzee tangu ukurasa wa mia na kumi na mbili, gizani, kwa masikio tu, akaambiwa amekosea na mtu aliyesoma ukurasa mmoja. Akaamini. Akaketi siku tisa kwenye kiti hiki akijiona hana akili tena, na akafa hivyo.

"Lakini imeandikwa," Tochi akasema. Uso ulikuwa umempauka. "Nilikiona kwa macho yangu, 'nilifanya mimi.'" Alimtazama mkewe, mkewe akatazama pembeni. Akarudi kwa Bi Sindano. "Shemeji. Nilikosea. Nilimkosea Mama. Nisamehe."

Lile ndilo neno. Alilingoja tangu mwezi wa sita, na sasa lilipofika alikuta hana pa kuliweka. Mwezi wa sita alilidai kwa ajili ya Jumatano iliyoharibika. Sasa alikuwa anadai siku tisa.

Akafungua jalada la nyuma. Tochi aliona karatasi za rangi nyingine, za zamani, zenye umanjano, akazijua kabla hajasoma neno. Mtu aliyetafuta miaka ishirini hakosi. Akainuka nusu. Mkono ukatangulia wenyewe.

"Ziko kumi na sita," Bi Sindano akasema. "Zilikuwa hapa tangu mwezi wa nane. Ungekifungua kitabu cha mama yetu ukakisoma mpaka mwisho, ungezikuta."

"Dada," mdogo wake akasema.

Bi Sindano alitoa wembe wa kazi mkobani, akaukata uzi, akachomoa fungu zima. Kisha akalifungua, akapitisha wembe kwenye kunjo, taratibu, mkato ambao fundi anaweza kuurudishia, na karatasi moja ikabaki peke yake mkononi mwake. Ya mwisho. Akamnyooshea Tochi.

"Chukua. Wewe si unasoma hii tu?"

Zilizobaki, kurasa kumi na nne, alizikunja akazitia mkobani. Zingerudi maktaba pamoja na kitabu chenyewe, maana ni mali ya maktaba. Ila kitabu kikiwa kwenye meza ya matengenezo hakiazimwi mpaka fundi aseme kimekwisha, na fundi alikuwa na miaka sita kabla ya kustaafu.

Tochi alisoma akiwa amesimama, midomo inacheza. Ukaja mwanga usoni, ule wa zamani. "Anamshika mkono mkewe," akasema, anahema. "Anamwambia, 'Barua zako nimezihifadhi zote.' Ni mkewe. Nilijua. Aliyekuwa akimwandikia ni mke—"

Bi Sindano alikuwa anamtazama tu, mtulivu, mikono juu ya mkoba.

"Una hakika, shemeji?"

Tochi akafunga mdomo. Akaitazama karatasi, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Mwanga ukamtoka kidogo kidogo. "Si imeandikwa?" akauliza, lakini hakulisema kama mtu anayeamini.

Bi Sindano akavuta daftari, akatafuta mstari wa "Ghorofa ya Mjane," akaandika pembeni kwa herufi kubwa kama mwalimu anavyosahihisha: Mwalimu alipatia, ukurasa wa 112.

"Shemeji," Tochi akasema nyuma yake. "Zile nyingine nipe. Nitazisoma zote, tangu mwanzo, naapa."

Alikausha wino kwa kiganja, akafunga daftari, akamgeukia nesi na kumuuliza filamu yake ya mwaka ilikuwa ipi.